Mbwa Anayejua Zamu Yake

Sisi tuliosomea vyuoni pwani tulifundishwa kumwogopa mbwa mapema. Mate yake ni najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Hilo halisahauliki. Linalosahaulika ni kwamba kitabu kile kile cha fiqhi tulichosomeshwa, cha Abu Shuja, ukifika mlango wa mawindo, kinamweka mbwa mahali pa mwanafunzi aliyehitimu: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akiua asile, na ayarudie hayo mpaka ijulikane kuwa ni ada yake. Sharti nne, zote za utiifu. Hakuna hata moja inayouliza habari za meno.

Nilizikumbuka sharti hizo kusini mwa Unguja, uani kwa msasi mmoja mzee, wa wale wanaotoka na mbwa kuwafukuza nguruwe mwitu wanaofukua mihogo. (Nyama ya nguruwe hao hawali; wanachohami ni shamba.) Alikuwa na mbwa wazima watano na mmoja mchanga, masikio yake makubwa kuliko akili.

Jioni ugali wa pumba na vichwa vya samaki ulipopoa, mzee hakuwamwagia pamoja. Alishika kata, akataja jina: "Subira!" Subira akainuka, wengine hawakutikisika. "Tabu!" Naye akaja. Yule mdogo akaruka si zamu yake. Hakupigwa wala hakukaripiwa; kata ilirudi chunguni, basi. Akaketi, kata ikatoka. Akaruka tena, ikarudi tena. Wale wakubwa wakawa wanamtazama yeye, hawakitazami chungu, na sitashangaa kama walikwisha kujua nani anawachelewesha kula. Mwishowe akatulia, na hata hapo jina lake lilitajwa la mwisho kabisa. Mkononi mwa mzee hamkuwa na fimbo.

Ndipo nilipoelewa kazi ya jina. Penye mbwa sita, amri isiyo na jina ni ya wote, yaani si ya yeyote. Jina hutangulia, neno hufuata, na wasiotajwa nao wamefunzwa kitu: kubaki walipo.

Asubuhi mzee humtoa mdogo peke yake, mbali na ua, kwa kuwa mbwa mchanga akiwa na wenzake huwatazama wao, hamtazami mtu. "Ukiwaachia wenziwe wamfunze, mwanangu," aliniambia, "atajua kubweka kabla ya kujua kunyamaza." Maneno yenyewe ni machache: njoo, kaa, wacha. Husemwa mara moja, na tuzo huja papo hapo. Kisha hutolewa pamoja na mbwa mmoja mtulivu, halafu wawili; kundi zima huja baadaye sana. Na mzee hajapata kumwita "njoo" ili amwadhibu. Mbwa aliyeitiwa kipigo, kesho akiitwa atasita, na mwituni hakuna nafasi ya kusita.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Siku hizi mijini tumeuchukua ukali, msasi tumemwacha. Mbwa watatu hununuliwa kwa ajili ya wezi, mchana kutwa wamo minyororoni, usiku hufunguliwa, na mafunzo yao ni kuchokozwa tu. Baba akitaka waache husema "wacha", mama "toka", mtoto huokota jiwe, mlinzi hupiga mluzi. Anapoletwa mbwa mdogo, hutupwa humo humo kati ya wakubwa, ajifunze mwenyewe. Naye hujifunza kweli: kugombea chakula, kubwekea kila mpita njia, na kumkimbia mwenye nyumba. Kisha tunasema mbwa huyu hasikii.

Wewe mwenye mbwa uani, kabla hujamlaumu huyo mdogo, keti kwanza na watu wa nyumbani kwako mkubaliane neno moja la kumwambia. Yeye mwiteni kwa jina lake, peke yake, na mumwite kwa jambo la heri.