Picha Inaficha Vyuma

Kitabu chenyewe nilikinunua Embu, kwa jamaa anayetandaza vitabu vya mitumba juu ya gunia karibu na steji. Shilingi 50. Kilichapishwa Uingereza, kina muhuri wa maktaba ya shule ya huko, na kuna mtoi alishachora masharubu kwenye kurasa mbili. Nilimpelekea mpwa wangu Meru, ana miaka 8. Alikipenda mpaka akafika kwa dinosau mwenye shingo ndefu, akaniuliza, "Anko, mbona miguu yake haikuvunjika?"

Nikasoma ukurasa mzima nikitafuta jibu. Kitabu kinasema mnyama alikuwa na mifupa mikubwa, yenye nguvu. Basi. Ni kama kuuliza mbona tajiri ana pesa, ukaambiwa ni kwa sababu pesa zake ni nyingi. Halafu uzito wenyewe umepimwa kwa mabasi ya ghorofa, na huyu mtoto amepanda matatu peke yake.

Niliacha chuo mwaka wa pili wa uhandisi, karo ikanishinda, kwa hivyo usinichukue kama mtaalamu. Lakini jibu nililiona nyumbani kabla ya mhadhiri yeyote kunieleza. Baba alikuwa na tangi la lita 1,000 juu ya nguzo nne za mgrevilia. Akapata tangi kubwa zaidi, akaweka nguzo nene kiasi, akalala. Usiku mmoja wa mvua lilishuka lote juu ya kibanda cha kuku.

Hesabu yake unaweza kuipiga na viberiti. Ukitaka pakiti iliyo mara mbili kwa urefu, upana na kimo, unahitaji pakiti 8, si 2. Uzito umepanda mara 8. Sasa nguzo: ukiinenepesha mara mbili kisha uikate kama mua, ule uso uliokatwa, ambao ndio unabeba mzigo, umeongezeka mara 4 tu. Kila kipande cha mti kinabeba mara mbili ya kilivyozoea. Galileo alieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1638: mnyama mkubwa hawezi kuwa mnyama mdogo aliyevutwa tu.

Kwa hivyo mifupa mikubwa si jibu. Mifupa ikizidi kuwa mikubwa, nayo yenyewe inakuwa mzigo.

Dinosau wa kwenye ukurasa ule anaitwa Giraffatitan. Makadirio mengi ya siku hizi yanampa tani 30 hadi 40, wakati ndovu dume mkubwa, kama wale wa Mbuga ya Meru, ana tani 6 hivi. Ujanja wake wa kwanza ni uleule wa ndovu: miguu imenyooka chini ya mwili kama nguzo, haikutanuka pembeni kama ya mjusi. Mpwa wangu alijaribu. Kusimama wima, hakuna shida. Kukunja magoti nusu na kukaa hivyo, hakumaliza dakika, akaanguka akicheka.

Ujanja wa pili ndio ulionishangaza mimi. Mifupa ya miguu ilikuwa imejaa, lakini pingili za shingo na mgongo zilikuwa na mashimo na vyumba vya hewa, kuta nyembamba zimepangwa pale tu penye kazi. Ndege wana kitu kama hicho. Jumapili tulivunja mfupa wa juu wa bawa la kuku, tukaona ndani ni upenyo. Mtoto aliukagua kuliko alivyokagua nyama.

Hapo ndipo ninapokikosoa kitabu hasa. Picha yake inaonyesha kiunzi kimesimama chenyewe, peupe. Mifupa haisimami yenyewe. Mnyama akiwa hai inashikwa na misuli na kano, na kwenye Museum für Naturkunde kule Berlin, ambako kiunzi hicho chenye kimo cha mita 13.27 kinaonyeshwa, kinashikwa na vyuma. Isitoshe, pingili za shingo na mgongo unazoziona pale ni za kuiga. Zile halisi ni dhaifu mno kuning'inizwa juu, kwa sababu ya upenyo uleule. Jibu la swali la mtoto lilikuwa pale kwenye picha, mchoraji akalifuta ili ukurasa upendeze.

Na vyuma si kitu pekee kilichofutwa. Mifupa hii ilitoka Tendaguru, bara ya Lindi, Tanzania. Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Maji Maji na njaa iliyofuata. Waliochimba walikuwa mamia ya watu wa huko, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilifika bandarini Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, siku kadhaa kwa miguu, safari baada ya safari. Waingereza walipokuja kuchimba mwaka 1924, kijana mmoja wa Kabete, Louis Leakey, alikuwa nao. Jina la Leakey kila mwanafunzi wa Kenya analijua. La Boheti nililipata mimi nikiwa na miaka 24, ingawa tangu 2007 kuna dinosau anayeitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Kitabu kinasema mifupa ilipelekwa Ulaya. Ilipelekwa, kama barua.

Nilitafuta cha Kiswahili Embu na Meru, kwa mitumba na madukani. Sikupata. Kwa hivyo tumekirekebisha hikihiki. Mpwa wangu amechora vyuma kwa kalamu ya bluu, na chini ya miguu ya Giraffatitan amepanga foleni ya watu wadogo wenye mizigo kichwani. Sasa anataka kujua, ikiwa kuku ana mifupa ya hewa, mbona hapai hadi Embu.