Nanga ya Pwani na Enanga ya Maruku

Msomaji wa pwani akutanapo na neno nanga katika maandishi juu ya ushairi wa Wahaya, kwanza huona chombo kilichotia bandarini. Katika Maruku, karibu na mji wa Bukoba, palipokuwa na makao ya Mkama, enanga ni ubao uliochongwa mfano wa kihori na kufungwa nyuzi. Na utendi uimbwao kwa ala hiyo huitwa kwa jina lilo hilo. Waandishi wa Kiswahili wamelikata neno irabu yake ya mwanzo ili lifae sarufi yao, likageuka chuma cha kuzuia jahazi.

Kosa hilo si la kamusi peke yake. Mwenyeji wa ukingo huu wa ziwa huishi kwa lugha mbili: Kihaya nyumbani na msibani, Kiswahili shuleni na mahakamani. Utendi umebaki upande wa kwanza. Hata M. M. Mulokozi, mzaliwa wa nchi hiyo aliyeuchunguza kwa kina, tasnifu yake ya mwaka 1986 aliiandika kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili nacho kimefaidika sana na kalamu yake.

Ng’ambo ya maji, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapaji hata mtungaji mwenyewe alipoitia katika Kiswahili. Ikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Je, kwa miaka ile 35 riwaya hiyo ilikuwa fasihi ya nchi gani?

Ufini wamejibu vingine. J. L. Runeberg, mzaliwa wa Jakobstad, katika pwani ya Kiswidi na Kifini, alitunga kwa Kiswidi. Shairi lake la mwaka 1846 ndilo wimbo wa taifa, nao huimbwa kwa lugha zote mbili. Kweli, mizani haiko sawa: Kiswidi kilikuwa lugha ya wenye mamlaka, na Kihaya hakijapata cheo hicho Tanzania. Tena hofu ya ukabila ilikuwa na sababu zake. Lakini hofu hiyo ni ya mtawala. Mhakiki aliyeiazima amejipunguzia fasihi bila kulazimishwa.

Kifaacho darasani ni kitabu cha utendi wenyewe, Kihaya ukurasa huu na Kiswahili ukurasa wa pili, na jaladani liandikwe neno enanga pamoja na irabu yake.