Heshima kwa Mtafuta Hitilafu

Chukua ushirika wa akiba na mikopo ambao mhasibu wake anataka kuona malipo ya mwezi mmoja tu. Anafungua fomu, anachagua mwezi, anabonyeza kitufe, ripoti inatoka. Katika Microsoft Access, programu iliyotoka mwaka 1992 na inayobeba hesabu za ofisi nyingi ndogo hadi leo, kinachowezesha yote hayo ni rejeo fupi lililoandikwa ndani ya swali la hifadhidata: Forms!Uchaguzi!Mwezi. Yaani, miongoni mwa fomu zilizo wazi itafute iitwayo Uchaguzi, kisha usome kisanduku kiitwacho Mwezi. Siku rejeo hilo linapokataa kuitika, ndipo anapohitajika mtu ninayetaka kumsifu hapa: yule anayeutafuta mzizi wa kosa bila kubahatisha.

Mara nyingi ukataaji huu huja kwa sura ya kijisanduku kinachodai kujazwa thamani. Mwenye haraka huandika chochote ili kiondoke. Fundi hukisoma, kwa sababu kinasema jambo moja na kulisema kweli: jina hili sikulikuta. Basi anaanza kuchambua. Je, fomu imefunguliwa? Iliyofungwa haimo katika kundi la Forms, hata kama imehifadhiwa ndani ya faili lilelile. Je, tahajia ni ileile, au kuna aliyekipa kisanduku jina jipya na kusahau kulirekebisha swali? Je, kisanduku kiko kwenye fomu kuu, au kwenye fomu ndogo iliyopachikwa ndani yake?

Hapo kwenye fomu ndogo ndipo wengi hupotea. Macho yanaiona iko wazi, lakini Access haiihesabu miongoni mwa fomu zilizo wazi. Ni kama kumtafuta mpangaji: unabisha hodi kwa mwenye nyumba kwanza. Inabidi utaje fomu kuu, halafu fremu iliyoibeba fomu ndogo, halafu neno Form, ndipo ufike kwenye kisanduku. Tena jina linalotakiwa ni la fremu, na laweza kuwa tofauti kabisa na jina la fomu iliyomo ndani yake.

Chombo cha fundi katika msako huu ni chepesi. Akibonyeza Ctrl na G hupata dirisha la kuulizia papo hapo. Anaandika alama ya kuuliza, kisha rejeo lote, na kusubiri. Jibu likija, rejeo ni zima na kosa liko kwingine. Lisipokuja, anaondoa kipande cha mwisho na kupima kilichobaki, hadi afike kwenye sehemu inayoitika. Hivyo hitilafu iliyodhaniwa kuwa ya faili zima hubanwa hadi kwenye neno moja. Kwangu mimi, uzuri wa ufundi huu uko katika nidhamu hiyo ya kuuliza swali dogo lisiloruhusu jibu la kukwepa.

Kuna hitilafu inayodai fikra zaidi. Swali linafunguka vizuri ukilibofya kwa mkono, lakini msimbo unapoliita, hitilafu namba 3061 inajitokeza na kulalamika kwamba vigezo havitoshi. Fomu iko wazi, majina ni sahihi, herufi haijabadilika hata moja. Kilichobadilika ni anayeuliza. Ulipobofya, Access yenyewe ilisoma fomu na kuikabidhi injini ya hifadhidata thamani iliyo tayari. Msimbo ulipopitia DAO, yaani njia yake ya kuongea na injini hiyo, swali lilikwenda huko moja kwa moja, nayo injini inajua majedwali tu, haijui fomu. Kwake, rejeo lote ni kigezo ambacho hakuna aliyekijaza. Fundi aliyeelewa hivyo huagiza msimbo ukijaze kigezo kwanza, ndipo uliendeshe swali.

Asiyeelewa hushika njia ya mkato: anaunganisha thamani ya fomu na maneno ya swali, na hitilafu inatoweka. Lakini tarehe iliyoandikwa hivyo husomwa kwa desturi ya Marekani, mwezi ukitangulia siku. Hapa kwetu 05/03/2024 ni tarehe 5 Machi. Injini huielewa kuwa 3 Mei. Ajabu ni kwamba 25/03/2024 husomwa sawasawa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Basi siku 12 za mwanzo wa mwezi huweza kupotoka huku zinazofuata zikitoka salama, na anayefanya majaribio mwishoni mwa mwezi ataapa kwamba kazi imekamilika.

Kisanduku kilichoachwa wazi nacho kina hatari ya namna hiyo. Thamani isiyokuwepo hailingani na chochote, hata na nyingine isiyokuwepo, kwa hiyo ripoti hutoka tupu bila lalamiko lolote. Vilevile, herufi zinazochapwa wakati kishale kingali ndani ya kisanduku huwa bado hazijawa thamani yake, na rejeo hurudisha ile ya zamani. Hakuna ujumbe unaotokea katika hali hizi. Kuna jibu tu, tena lenye sura ya kuaminika.

Ndiyo maana fundi ninayemheshimu huuogopa ukimya wa mashine kuliko lawama zake. Haondoki kwa sababu ujumbe wa hitilafu umetoweka. Hujaribu tarehe 5 na tarehe 25, hujaribu kisanduku kikiwa tupu, hujaribu fomu ikiwa imefungwa, na humwekea mhasibu onyo linaloeleweka mahali palipokuwa na ukimya. Mwanachama aliyelipa tarehe 5 Machi hana haja ya kujua rejeo ni nini. Anajua kwamba alilipa. Kazi hii ikifanywa kwa uangalifu, hatalazimika kusimama mbele ya dawati kuithibitisha kweli ambayo ingepaswa kuwemo kwenye ripoti tangu mwanzo.