Chuma Hushika, Mfupa Hujenga

Ukionyeshwa eksirei ya mgongo uliopasuliwa, jicho hukimbilia skrubu za titani zilizopangwa jozi jozi. Jamaa wa mgonjwa huondoka wakiamini kwamba chuma ndicho kilichomponya. Mimi nawastahi madaktari wa upasuaji wa mgongo zaidi kwa kazi ambayo haionekani katika picha hiyo: namna wanavyouandaa mfupa ili ujijenge wenyewe.

Barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret imevunja migongo mingi, hasa Salgaa na Sachangwan. Kuna pia wale ambao kifua kikuu kimewala pingili polepole hadi wakaota kibyongo. Wengine hufikishwa hospitali ya rufaa ya Nakuru, ambayo wenyeji bado huiita PGH. Wengine hupelekwa Kijabe, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ambako hospitali ya misheni imehudumu tangu 1915.

Skrubu zikishashika, daktari haanzi kushona. Hukwangua tabaka gumu la juu la pingili hadi mfupa utoe damu. Asiyejua atadhani anaharibu, kumbe damu hiyo ndiyo inayoleta chembe hai za kujenga mfupa mpya. Kisha huchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe, aghalabu wa nyonga au ule uliotolewa kwenye pingili, akausafisha nyama, akaukata vipande vidogo na kuushindilia pasibaki mwanya. Anayebebesha miche ya parachichi kule Bahati ataielewa kazi hii: hukata hadi kwenye ubichi, akagusanisha, akafunga utepe, na utepe kazi yake ni kutuliza tu mpaka vishikane.

Mwaka 1911, jijini New York, madaktari Russell Hibbs na Fred Albee waliunganisha pingili za wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo bila skrubu hata moja. Hibbs alitumia mifupa ya pingili zenyewe, Albee kipande cha mfupa wa muundi. Mfupa ulishikana.

Siku hizi chuma hubeba uzito wakati mfupa ungali laini. Kwa wengi kiungo huchukua miezi kadhaa kukomaa, kwa wengine mwaka au zaidi. Mfupa usiposhikana, chuma hupindwapindwa kila siku hadi kichoke na kukatika.

Baada ya upasuaji, ufundi huingia mikononi mwa wengine. Mtazame mtaalamu wa fiziotherapia akimfundisha mzee kushuka kitandani: ageuke ubavu, mabega na nyonga pamoja, miguu ishuke huku mkono ukisukuma. Hurudia bila kukereka, hata mara ya kumi. Kisha humtembeza hatua chache, kesho akaongeza, kwa kuwa mfupa huimarika kulingana na mzigo unaoubeba, jambo ambalo Mjerumani Julius Wolff aliliandika mwaka 1892.

Jikoni nako kuna kazi. Supu ya mifupa inasifiwa mno, lakini kalsiamu yake ni kidogo. Bilauri ya maziwa au mursik inaishinda, na omena anayeliwa na miiba yake pia. Maharagwe na mayai huleta protini, managu na terere zisikosekane, na jua la asubuhi liupate mwili. Sigara ni adui wa wazi: nikotini hubana mishipa midogo ya damu ambayo mfupa mchanga unaitegemea. Mwenye kisukari naye aidhibiti sukari yake.

Basi, ndugu msomaji, ukienda kumchukua mgonjwa wako, uliza kabla ya kutoka: picha inayofuata ni lini, na dawa gani za maumivu aepuke, maana baadhi zinaweza kuchelewesha mfupa. Usimpandishe bodaboda. Jembe na mtungi wa maji wa lita 20 vishikwe na wewe au mwanawe, mpaka daktari aione picha na kusema mfupa umeshikana.