Kufuli na Amana Yake

Msimu wa kahawa unapofika Izimbya, na magunia ya maganda yakaanza kutolewa vibanjani kwa baiskeli na pikipiki, huonekana mikononi mwa wakulima, wazee kwa vijana, simu ambazo kila moja imechukua ndani yake prosesa nne au nane zinazofanya kazi kwa wakati mmoja juu ya kumbukumbu moja. Na sidhani kama yuko miongoni mwao ajiulizaye ni nani aliyezipa prosesa hizo adabu ya kupishana hata zisiharibiane kazi. Mafundi wa namna hiyo hawana jina sokoni. Mshonaji husifiwa kwa kanzu yake na seremala kwa mlango wake, lakini alindaye data inayoshirikiwa ndani ya draiva, yaani programu inayokiongoza kifaa, akiifanya kazi yake sawasawa, hapana linalotokea, na jambo lisilotokea halimletei mtu sifa.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Alijifunza kazi hiyo mjini, na akirudi nyumbani huketi barazani na kompyuta yake magotini, akisoma misimbo iliyoandikwa na watu asiowajua. Nilipata kumtazama akiikagua draiva ya kadi ya mtandao. Hakuanza kwa kuyatafuta makufuli, kama nilivyodhani. Alichukua daftari, akaorodhesha kila kitu kinachoguswa na zaidi ya mkono mmoja: foleni ya pakiti, hesabu ya pakiti zilizopotea, alama inayoonyesha kwamba kifaa kimelala. Mbele ya kila jina akaandika ni nani akigusaye na hukigusa wakati gani, na baada ya hapo tu ndipo alipouliza kila kimoja kinalindwa na kufuli lipi. Palipokosa jibu alitia nukta nyekundu. "Mjomba," akaniambia, "asiyejua analinda nini, hata akifunga hajafunga."

Ubaya anaouhofia hueleweka upesi na yeyote aliyesimama kwenye mizani ya chama cha msingi. Tuseme makarani wawili wanaandika katika kitabu kimoja, na mkulima mmoja ana kilo 40 kitabuni. Karani wa kwanza anasoma 40, na wa pili anasoma 40 ileile kabla mwenziwe hajaandika. Wa kwanza anaongeza 25 na kuandika 65, wa pili anaongeza 30 na kuandika 70 juu yake. Kilo 25 zimepotea, ilhali hapana aliyeiba, na makarani wote wawili waweza kuapa, tena kwa haki, kwamba hesabu zao zilikuwa sahihi. Kwa prosesa kadhalika, kuongeza moja juu ya namba ni matendo matatu, kusoma na kuongeza na kuandika, na kati ya tendo na tendo pana nafasi ya mwingine kupenya.

Dawa ya ubaya huo ni kufuli, ambalo hushikwa na mmoja kwa wakati, na wengine hungoja. Analolitumia mpwa wangu mara nyingi huitwa spinloki: prosesa inayolikuta limeshikwa hailali wala haiendi kwingine, bali huzunguka papo hapo ikiuliza na kuuliza hata lifunguliwe. Kwa hiyo mwenye kulishika hana ruhusa ya kukawia. Haruhusiwi kulala, haruhusiwi kuomba kumbukumbu kwa njia iwezayo kumngojesha, wala kunakili data ya programu ya mtumiaji, maana ukurasa unaotakiwa huenda uko diskini. Kama kazi yake yahitaji usingizi, basi na achukue myuteksi, ambayo humlaza anayengoja. Na bado hatujafika penye hatari yenyewe. Kifaa kina haki ya kuita wakati wowote, na mwito huo ndio intarapti; prosesa iitwayo huacha ilichokuwa nacho ikaenda kuitikia. Sasa prosesa imeshika kufuli la foleni, ikaja intarapti ya kadi ileile juu ya prosesa ileile, na mwitikiaji naye akalitaka kufuli lilelile: atazunguka akimngoja mtu asiyeweza kuendelea mpaka yeye aondoke, na wawili hao watangojana hata simu izimwe. Ndiyo maana fundi hodari, kabla ya kulishika kufuli la namna hiyo, huzizuia kwanza intarapti za prosesa yake, huku akihifadhi hali aliyoikuta. Na akiachia huirejesha hali ile kama ilivyokuwa, si kama anavyodhani ilikuwa, kwani yamkini aliyemwita alikwisha kuzizuia kabla yake. Uangalifu huu mdogo, wa kurejesha ulichokikuta, mimi nauona kuwa ni staha kamili.

Tarikhi ya sanaa hii si ndefu. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra alieleza, katika ukurasa mmoja tu, jinsi kompyuta nyingi ziwezavyo kupokezana sehemu ya kazi isiyovumilia wawili. Linux, ambayo kiini chake ndicho kilichomo ndani ya simu za Android, ilipata uwezo wa prosesa nyingi katika toleo la 2.0 la mwaka 1996, na kwa njia ya mkato: kufuli moja kubwa kwa kiini kizima. Likawa salama, likawa zito, na halikuondoka lote mpaka toleo la 2.6.39 la mwaka 2011. Miaka 15! Kazi ya kuandika makufuli madogo ilikuwa na taabu yake, lakini taabu iliyokuwa kubwa zaidi ni kwamba draiva nyingi za zamani zililitegemea lile kubwa bila kusema linazilindia nini, na waliozitunga walikwisha kwenda zao. Arnd Bergmann na wenziwe, walioifikisha kazi hiyo mwisho, mara nyingi hawakuwa na hila ila kuweka myuteksi ya draiva peke yake mahali pa kufuli kubwa, wakapita.

Kwa hiyo katika yote aliyonionyesha mpwa wangu, nililolipenda kupita mengine ni mstari mmoja wa maneno ulioandikwa kando ya kufuli. Katika draiva iliyotungwa na mtu mwenye insafu, pale kufuli linapotangazwa, pameandikwa kwamba hili linalinda foleni na hesabu yake, na hesabu ya makosa halilindi. Hayo tu. Mashine haiyasomi maneno hayo, wala kasi ya kifaa haiongezeki kwa ajili yake. Yameandikwa kwa ajili ya mgeni atakayekuja baada ya miaka, usiku, kifaa kimegoma, na mtunzi hayupo. Watunzaji wa kiini waliithamini desturi hii hata wakaitia katika chombo chao cha kukagulia viraka, checkpatch, kinachonung'unika kikikuta spinloki imetangazwa bila maelezo. Na katika faili la mm/rmap.c, juu kabisa, wameacha orodha ya makufuli kwa utaratibu wa kushikwa kwake, kila lishikwalo ndani ya jingine likisogezwa kulia kidogo chini ya lililolitangulia. Tangu mwaka 2006 pana pia lockdep, mlinzi anayeutazama utaratibu huo wakati kiini kinafanya kazi na kupiga ukelele utaratibu unapogeuzwa, hata kabla ya maafa ya kungojana. Lakini lockdep huujua utaratibu, nia haijui.

Na wako wanaosema kwamba haya ni mambo ya kujaribu: kifaa kikienda siku kadha bila kuanguka, kazi imekwisha. Hao nawakumbusha Therac-25, mashine ya mionzi ya hospitali, iliyowazidishia wagonjwa sita dozi huko Marekani na Kanada kati ya 1985 na 1987, baadhi yao wakafa. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, kosa lilijificha katika data iliyoshirikiwa bila ulinzi kati ya kazi zilizokwenda sambamba, na lilijitokeza pale tu mwendeshaji aliposahihisha maandishi ya kiooni kabla sekunde 8 hazijapita. Wajaribuo polepole hawakuliona. Liliwangoja wenye vidole vyepesi, yaani wale waliokwisha kuizoea kazi yao.

Siku hizi huja matumaini kutoka lugha ya Rust, iliyokaribishwa katika kiini cha Linux toleo la 6.1, Desemba 2022, ambayo huiweka data ndani ya kufuli lake hata isifikiwe bila kulishika. Naisifu, maana ule mstari wa maelezo umekuwa sheria. Walakini Rust haimzuii mtu kuyashika makufuli mawili kinyumenyume, na draiva zilizo nyingi bado ni za C. Tena zile za simu za bei nafuu aghalabu hazikupata kuingia katika kiini cha wote. Huandikwa kwa chipu moja, hima hima, na mtunzi huhamishiwa chipu ya mwaka unaofuata. Mpwa wangu alipewa moja ya hizo aitengeneze. Kufuli lilikuwamo, limeshikwa huku na huku kama ilivyomjia mtu, na maelezo yake hayakuwapo. Katika kumbukumbu za mabadiliko paliandikwa tu kwamba limeongezwa kwa kuwa kifaa kilikuwa kikizimika, na sasa hakizimiki. Akaandika barua pepe kwa mtunzaji aliyetajwa ndani ya faili, kuuliza ni data ipi. Ikarudi: anwani haipo.