Kufuli la 10-10-10: jinsi Windows ilivyoziba mwanya wa Administrator

Kwa miaka mingi, akaunti yenye mamlaka makubwa kuliko zote kwenye kompyuta ya Windows ndiyo iliyokuwa haifungiki. Akaunti ya mfanyakazi wa kawaida iliweza kufungwa akikosea nywila mara kadhaa. Lakini Administrator, ile inayokuja na mfumo wenyewe, iliweza kubahatishiwa nywila usiku kucha na isifungwe. Wahalifu waliujua mwanya huo. Waliuandama kupitia RDP, huduma ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kwa programu zinazojaribu nywila moja baada ya nyingine.

Oktoba 2022 Microsoft ilitoa masasisho yaliyowezesha akaunti hiyo nayo kufungwa. Kipimo kilichowekwa kwenye mashine mpya za Windows 11 toleo la 22H2 ni 10-10-10: majaribio 10 yaliyokosewa ndani ya dakika 10 yanaifunga akaunti kwa dakika 10.

Piga hesabu uone nguvu yake. Siku moja ina vipindi 144 vya dakika 10, kwa hiyo mvamizi anabaki na majaribio yasiyozidi 1,440 kwa siku. Nywila ya herufi 8 ndogo zilizochanganywa bila mpangilio ina michanganyiko zaidi ya bilioni 200. Kwa mwendo huo, kuimaliza yote ni kazi ya maelfu ya karne. Ila nywila ikiwa 123456, itapatikana kwenye majaribio ya mwanzo kabisa, na hakuna kufuli litakalokuokoa.

Kilichonivutia zaidi ni jambo dogo: Administrator akifungiwa kwa sababu ya majaribio ya kupitia mtandao, bado anaweza kuingia akiwa ameketi mbele ya mashine yenyewe. Bila hivyo, mtu yeyote mwenye nia mbaya angeweza kumfungia mwenye mali nje kwa kukosea makusudi.

Hatari hiyo wasimamizi wengi huisahau. Wanashusha kiwango hadi majaribio 3, kisha wanaweka muda wa kufungwa kuwa 0 wakidhani wameuondoa. Kumbe 0 hapo maana yake akaunti itabaki imefungwa mpaka msimamizi aifungue kwa mkono. Anayejua jina lako la kuingilia anaweza kukusimamishia kazi siku nzima, na dawati la msaada linaelemewa na simu.

Kuwalazimisha watu kubadili nywila kila mara nako hakusaidii. Nairobi2023 inageuka Nairobi2024, basi. Microsoft yenyewe iliondoa sharti hilo kwenye mapendekezo yake ya usalama mwaka 2019, ingawa siku 42 bado ndicho kipimo cha kawaida ndani ya Windows.

Kukagua mashine yako, fungua dirisha la amri uandike net accounts. Mstari wa Lockout threshold ukisoma Never, hakuna kufuli. Ukiwa na mamlaka ya msimamizi, liweke hivi: net accounts /lockoutthreshold:10 /lockoutwindow:10 /lockoutduration:10. Halafu usiishie hapo. Kwenye mashine zilizokuwepo kabla ya Oktoba 2022, masasisho yalileta uwezo tu. Kufuli la Administrator halikuwashwa. Fungua secpol.msc, nenda kwenye Account Lockout Policy, uwashe Allow Administrator account lockout. Fanya hivyo leo, hasa kama RDP ya ofisi yako inafikika kutoka intaneti.