Kamera Imekaa Upande Gani? Tunaichambua Paradies: Liebe

Paradies: Liebe, filamu ya Mwaustria Ulrich Seidl, iliposhindanishwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 2012, wahakiki waligawanyika. Wapo walioisifu kwa ujasiri, wapo waliosema inawadhalilisha waigizaji, weupe kwa weusi. Kisa chenyewe ni chepesi: Teresa, mama wa makamo, anakwenda kupumzika pwani ya Kenya na kutafuta mapenzi kwa mabichiboi, vijana wanaowazengea watalii ufukweni. Ugomvi ulihusu namna kisa kilivyopigwa picha.

Mbinu ya kwanza ni shoti ndefu. Chukua moja ya ufukweni. Watalii wamejilaza kwa safu kwenye vitanda vyao. Kuna kamba. Ng'ambo ya kamba vijana wamesimama kimya, wanamsubiri atakayevuka. Kamera haitikisiki wala muziki haupigwi. Waongozaji wengi wangekata baada ya sekunde chache, watuletee sura ya mtu karibu ili tujue wa kumhurumia. Seidl anaiacha shoti ikae hadi mtazamaji aanze kujistukia, maana kamera imewekwa upande wa hoteli, naye anawatazama vijana wale kutoka kwenye vitanda vya watalii.

Mbinu ya pili ni mazungumzo. Seidl na mkewe, Veronika Franz, waliandika matukio, lakini maneno wakawaachia waigizaji, na filamu ikapigwa kwa kufuata mtiririko wa hadithi. Margarethe Tiesel, anayecheza Teresa, ni mwigizaji mzoefu. Peter Kazungu, anayecheza Munga, bichiboi anayependwa na Teresa, alitoka ufukweni hukohuko. Ndiyo maana Munga hana papara. Mwanzoni haombi hata senti. Shida za ndugu zinakuja baadaye, moja baada ya nyingine. Mkazi wa Shirimatunda, Moshi, aliyewahi kuwaona flaikacha, wale vijana wanaosaka wateja wa kitalii, wakimzengea mgeni mjini anayetaka kupanda Mlima Kilimanjaro ataujua mpangilio huo: salamu, urafiki, halafu bei.

Waliomtetea Seidl walisema hapendelei mtu, kila upande unaaibishwa sawa. Kwa aibu, ni kweli. Kwa habari tunazopewa, hapana. Teresa tunakaa naye chumbani, tunamwona akimpigia binti yake simu zisizopokelewa, kwa hiyo upweke wake tunaujua. Munga hatumwoni ila Teresa akiwapo. Inapobainika kuwa yule "dada" wa Munga, aliyekuwa akisaidiwa kwa pesa za Teresa, ni mke wake, tunapokea habari hiyo kama alivyoipokea Teresa: tumetapeliwa. Mke na mume walikubaliana vipi kuhusu kazi hiyo ya kumpenda mtalii kwa pesa? Nyumbani walisemezana nini jioni? Filamu ya saa mbili, yenye subira ya kuitazama kamba kwa muda mrefu, haikutenga hata dakika moja kwa swali hilo. Hapo ndipo wahakiki wa Ulaya walipaswa kumbana Seidl, badala ya kubishana kama miili ya Teresa na watalii wenzake wa kike ilistahili kuonyeshwa.